Je, wajua kioo cha kale kilitengenezwa kwa zebaki, na fremu yake ikafunikwa dhahabu?

Albissola ni mji mdogo wa pwani, kaskazini-magharibi mwa Italia. Katika jumba lake la kitajiri liitwalo Villa Faraggiana kuna kioo ambacho fremu yake ilichongwa katika karne ya 17 na Filippo Parodi, mchongaji mashuhuri wa Genoa. Fremu hiyo ni ya mbao zilizofunikwa dhahabu, na nakshi yake inasimulia kisa cha Paris, mwana wa mfalme wa Troy. Wagiriki wa kale walisema kwamba Hera, Athena na Aphrodite, miungu wa kike watatu, waligombea tunda la dhahabu lililowekewa mzuri kuliko wote. Paris akafanywa mwamuzi, akampa Aphrodite, na hukumu hiyo ikazaa vita vya Troy. Kwa maoni yangu hakuna kisa kinachofaa zaidi kuzunguka kioo: anayekuja kujitazama anakutana na swali la uzuri kabla hajauona uso wake.

Mafundi wa Ulaya wa karne ya 17 na ya 18 walipenda sana visa hivi vya Kigiriki, na wateja wao walijua kuzisoma alama zake. Tai ni wa Zeus, mfalme wa miungu. Tausi ni wa Hera. Njiwa na kombe la baharini ni vya Aphrodite, na mtoto mwenye mabawa na upinde ni Eros, mwanawe. Uso uliozungukwa na miale ni wa Apollo, mungu wa nuru, na ndiye aliyependwa na Louis wa 14 wa Ufaransa, aliyejiita Mfalme Jua. Ukumbi wa Vioo katika kasri lake la Versailles, uliomalizika mwaka 1684, una vipande 357 vya vioo.

Vipande vingi hivyo vina sababu. Wakati ule kioo kilipulizwa kwa pumzi ya fundi, kikapasuliwa na kunyooshwa kingali moto, kwa hiyo hakikuweza kuwa kikubwa. Aliyetaka kioo kipana aliunganisha vipande. Mabingwa wa kazi hiyo walikuwa watu wa Murano, kisiwa cha Venice, na siri yao ililindwa vikali mpaka Colbert, waziri wa Louis, alipowavuta baadhi yao hadi jiji la Paris kwa ajili ya kiwanda cha kifalme kilichoanzishwa mwaka 1665.

Kilichokifanya kioo kirudishe sura ni zebaki. Fundi alitandaza karatasi nyembamba ya madini ya bati juu ya meza ya jiwe, akamwagia zebaki, kisha akateleza kioo juu yake taratibu ili hewa isibaki. Akakikandamiza kwa mizigo mizito, akakiacha siku nyingi zebaki iliyozidi ichuruzike. Mvuke wake ni sumu inayoshambulia ubongo na mishipa ya fahamu, na wengi walitoka katika karakana hizo wakitetemeka mikono. Mwaka 1835 mkemia Mjerumani Justus von Liebig alionyesha njia ya kupaka fedha badala yake, na polepole zebaki ikaachwa.

Fremu nayo ilipita mikono mingi. Mchongaji akimaliza, mbao zilipakwa tabaka baada ya tabaka za chaki iliyochanganywa na gundi ya ngozi, kisha udongo laini, mara nyingi mwekundu, ndipo likalazwa jani la dhahabu. Jani la siku hizi ni jembamba mno: majani elfu moja yakipandanishwa yanakaribia unene wa karatasi moja ya daftari. Mwisho fundi alisugua sehemu zilizoinuka kwa jiwe la akiki mpaka zing'ae, na nyingine akaziacha zimefifia makusudi. Usiku, mwanga wa mishumaa ulipocheza juu ya tofauti hiyo, bawa la tai lilionekana kama linapumua. Taa zetu kali za umeme huiua kazi hiyo.

Vioo vya Ulaya vilifika hata kwetu. Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar aliyezaliwa mwaka 1844, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba kuta za vyumba vya wakubwa zilipambwa kwa vioo vikubwa vilivyoagizwa kutoka huko.

Ukiwa na kioo cha zamani nyumbani, kitazame vizuri. Madoa ya kijivu na vidoa vinavyometameta, hasa karibu na ukingo wa chini, ni dalili ya bati na zebaki. Usikibandue nyuma wala kukilaza, maana zebaki inaweza bado kutiririka. Usiifute fremu kwa kitambaa chenye maji: gundi iliyo chini ya dhahabu huyeyuka, na utaondoka na jani lenyewe. Vumbi liondoe kwa brashi laini iliyo kavu. Na tafadhali, usiipake rangi ya dhahabu ya dukani. Ile mara nyingi huwa unga wa shaba, itageuka kahawia baada ya miaka, na itafunika mchongo ambao hakuna atakayekuchongea tena kwa bei ya rangi hiyo.