Jukwaa la Kamiriithu

Kabla halijawa jukwaa, lilikuwa njiti za kiberiti zilizopangwa ardhini. Wanakijiji wa Kamiriithu, karibu na Limuru nchini Kenya, wakiongozwa na tarishi wa ofisi, walizipanga kwa majaribio, wakaunda mfano mdogo, kisha wakajenga lenyewe: jukwaa la wazi, vyumba vya kubadilishia nguo na mahali pa kukaa watu zaidi ya 2,000.

Kijiji hicho kilizaliwa miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipowakusanya watu kwa nguvu ili kuwatenga na wapiganaji wa Mau Mau. Mwaka 1976 mama mmoja wa hapo alibisha hodi kwa jirani yake, mwandishi Ngugi wa Thiong'o, akimtaka alete kijijini sehemu ya elimu yake. Alirudi wiki baada ya wiki mpaka akakubaliwa. Likaanza darasa la kisomo cha watu wazima, na darasani ndiko mchezo ulikozaliwa.

Ngugi na mwenzake Ngugi wa Mirii waliandika mswada kwa Kikuyu, wakauita Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda. Unahusu familia maskini inayopoteza kipande chake cha ardhi kwa tajiri. Lakini mswada ulikuwa mwanzo tu. Waigizaji, ambao walikuwa wakulima, vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, waliusahihisha: mzee hasemi hivi, wimbo huu hauimbwi hivyo. Ajuza asiyejua kusoma ndiye aliyewafunza wasomi hao jinsi nyimbo za arusi zinavyopokezanwa. Huo ndio ukuu wa Kamiriithu. Mwenye digrii alikaa akafundishwa.

Mazoezi yalifanyika hadharani Jumamosi na Jumapili, watu wasikose kazi. Kila mpita njia aliruhusiwa kutazama na kukosoa, hata siku ya ufunguzi ilipowadia, tarehe 2 Oktoba 1977, wengi walikuwa wameyahifadhi maneno. Watazamaji walifika kwa mabasi na teksi za kukodi. Jumapili moja mvua ilikatiza onyesho mara tatu. Kila mara watu walikimbilia chini ya miti na mapaa ya karibu, na kila ilipoanuka walirudi, uwanja ukajaa tena.

Tarehe 16 Novemba serikali ilifuta kibali cha maonyesho. Mwisho wa Desemba Ngugi wa Thiong'o alikamatwa, akazuiliwa katika gereza la Kamiti karibu mwaka mzima bila kushtakiwa.

Kundi la waigizaji halikuvunjika. Mapema 1982 liliandaa Maitu Njugira, mchezo wa nyimbo, lakini likanyimwa ukumbi wa Kenya National Theatre. Lilihamishia mazoezi Chuo Kikuu cha Nairobi, na maelfu wakayafuata huko. Tarehe 12 Machi malori matatu ya polisi wenye silaha yalifika Kamiriithu, na jukwaa likabomolewa hadi chini.

Wakati huo Ngaahika Ndeenda ilikuwa imeshachapishwa kama kitabu tangu 1980 na kuuzwa madukani. Kilichotisha, basi, hakikuwa maneno peke yake, bali vibarua kuyasema kwa sauti mbele ya vibarua wenzao, juu ya jukwaa lao wenyewe.

Mei 2022 mchezo huo ulirudi jukwaani, jijini Nairobi, kwa Kikuyu na Kiingereza. Ulichezwa Kenya National Theatre, ukumbi uleule ambao miaka 40 kabla uliwafungia mlango watu wa Kamiriithu.