Zawadi za watoto: pima bei kwa siku za kucheza

Mzazi wa Musoma, Bunda au Butiama anayenunua zawadi za Krismasi akumbuke kuwa Januari shule hufunguliwa, na mfuko ni ule ule utakaonunua sare na madaftari. Hivyo bei pekee si kipimo. La kuuliza ni mtoto atachezea kitu hicho siku ngapi na atajifunza nini.

Gari la betri hutembea lenyewe, mtoto akabaki mtazamaji. Betri zikiisha, gharama huanza upya. Mpira, mwanasesere na vipande vya mbao vya kupanga humfanya akimbie, azungumze na abuni. Kwa aliyeanza shule, bao, mchezo alioupenda hayati Mwalimu Nyerere wa Butiama, lina mashimo 32 na kete 64, na kila zamu humtaka ahesabu kabla ya kucheza. Mashimo yakichimbwa ardhini, halina gharama.

Tahadhari: mtoto wa chini ya miaka 3 asipewe kete wala gololi, huweza kukwama kooni. Betri ndogo za duara zikimezwa huweza kuunguza koo katika muda wa saa 2. Chagua kifaa ambacho kifuniko chake kimefungwa kwa skrubu.