Tumbo la Sungura na Kipimo cha Chakula Chake

Katika vilima vya Gitega na Muyinga, ambako shamba la jamaa moja ni finyu, sungura anastahili heshima kuliko anayopewa. Hubeba mimba kwa siku 31 tu, na nyama yake ni kitoweo bora kwa watoto. Lakini wafugaji wengi huona wana wa sungura wakiharisha na kufa punde waachapo kunyonya, wakasingizia baridi au jicho la jirani. Mara nyingi sababu imo katika chombo cha chakula.

Kila mnyama na tumbo lake. Huko Finland mbweha wafugwao kwa ajili ya ngozi hupewa nafaka iliyopikwa, maana tumbo la mla nyama halimeng'enyi vizuri wanga mbichi. Sungura ni mla majani. Wanga humeng'enywa katika utumbo mwembamba. Nyuzinyuzi huendelea hadi mfuko mkubwa uitwao sekamu, ambamo vijidudu huzichachusha. Humo hutoka kinyesi laini, anachokila papo hapo kitokapo. Asiyejua huona uchafu. Kumbe ni protini na vitamini B zinazorudi mwilini.

Sasa askari arudiye likizo, kwa huruma yake, ammwagie mtoto wa majuma matano mahindi na mabaki ya ugali! Utumbo mchanga hauwezi wanga wote huo. Unaobaki huingia katika sekamu na kulisha vijidudu viletavyo sumu. Na kwa kukosa nyuzinyuzi, mwendo wa tumbo hulegea. Sungura anayekua huhitaji nyuzinyuzi ghafi kiasi cha asilimia 14 hadi 18 ya chakula chake, na protini kama asilimia 16.

Je, apewe nyasi kavu tupu? La, zitamjaza bila kumjenga. Matembele yanafaa sana. Kaliandra ina protini nyingi, ila tanini yake huzuia sehemu ya protini hiyo isimeng'enywe. Basi iwe nyongeza tu. Maharagwe yasiyopikwa yasipewe kabisa. Machicha ya kiwanda cha bia cha Gitega ni mema yakiwa mapya, kwani huoza upesi. Aliye Muyinga atafute ya mtama kwa wapikao impeke.

Badiliko lolote la chakula lichukue juma zima, na maji safi yasikosekane. Kila asubuhi mama wa nyumbani atazame chini ya kibanda: vidonge vikavu vya duara ni dalili njema, vikilainika, aondoe nafaka siku hiyohiyo na kuongeza nyasi kavu.