Sikio la Baba

Nimeandikiwa na mwendesha bodaboda wa Kaptembwo, Nakuru, aliyejaliwa mtoto wa kwanza, msichana wa wiki 5. Siku mtoto alipotoka hospitali, mama yake kijana huyu alishuka kutoka Molo kuja kusaidia, na tangu hapo kila baba akinyoosha mikono anaambiwa, "Wacha, utamvunja shingo." Mtoto akilia, hajui analilia nini. Anauliza kama wanawake huzaliwa na kitu ambacho wanaume walinyimwa.

Habari za nepi na uzani wa mtoto ataelezwa kliniki. Swali la kilio ndilo lililonifurahisha, kwa sababu limewahi kupimwa.

Mwaka 2013 Erik Gustafsson, Nicolas Mathevon na wenzao walichapisha jaribio walilofanya na wazazi wa Ufaransa na wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, akina mama 27 na akina baba 29. Waliwarekodi watoto wakilia wakiogeshwa, kisha kila mzazi akasikilizishwa vilio vya watoto watano, wake akiwa mmojawapo. Akina mama walimtambua mtoto wao karibu mara 9 katika kila 10. Akina baba waliokuwa na mtoto zaidi ya saa 4 kwa siku hawakupitwa hata kidogo, na waliokaa naye chini ya hapo wakashuka hadi asilimia 75. Sasa tazama jambo hili: akina mama wote 27 walikuwa wamevuka hizo saa 4, ilhali kati ya akina baba ni 13 tu. Tulichodhani ni kipaji cha mama kilikuwa saa zake.

Mwaka 2022 kundi hilo la Mathevon liliendelea mbele zaidi. Watu wasiowahi kulea walipoulizwa kama kilio ni cha maumivu ya sindano ama cha kero ya kuogeshwa, walibahatisha tu. Wazazi wenye watoto wachanga walijua, hata mtoto akiwa wa mtu mwingine.

Msomaji wangu anaelewa jambo hili kuliko anavyodhani. Stejini kwao pikipiki nyingi ni za aina moja, lakini yake ikiwashwa nje usiku, ataijua akiwa kitandani. Anajua inavyokohoa plagi ikichafuka na inavyolia cheni ikilegea. Wiki ya kwanza zote zilikuwa ngurumo moja. Akaikalia kutwa, ikamzimikia mlimani na abiria mgongoni, akaifungua, akaifunga vibaya, akaifungua tena, hadi siku moja akajikuta anasikia hitilafu kabla haijamlaza barabarani. Mke wake huipanda Jumapili wakienda kanisani, na hasikii lolote kati ya hayo. Hakuna anayesema wanaume huzaliwa na sikio la injini, maana kila mtu aliona kijana alivyojifunza. Masomo ya mama hatuyaoni. Anayapata saa nane usiku, taa ikiwa imezimwa, sisi tukiwa tumelala.

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba kujiamini katika kazi yoyote hutoka kwanza katika kuifanya na kuiweza. Kumtazama mwenzako akiifanya husaidia, na kutiwa moyo kwa maneno husaidia pia, ila kidogo. Baba anayengoja ajiamini ndipo ambebe mtoto atangoja sana.

Ila kuna mlango, na mlango una mtu. Mwaka 1999 Sarah Allen na Alan Hawkins walieleza jinsi mama anavyoweza kuamua baba aguse nini na kwa masharti gani. Mimi nauita ubawabu wa malezi. Nililifikiria neno ulinzi nikaliacha, kwa kuwa mlinzi hufukuza wezi, naye baba si mwizi. Hapa Bonde la Ufa bawabu mara nyingi ni nyanya, na amri anazosimamia zilikuwepo kabla yake. Miaka ya 1970 Sara Harkness na Charles Super waliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis, wakaona akina baba wakiwa karibu na watoto ila hawaogeshi wala kulisha wachanga.

Desturi ya namna hiyo hufika hadi mwilini. Kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, katika bonde hilihili, Martin Muller na wenzake walipima homoni ya testosteroni kwenye mate ya wanaume. Kwa Wahadzabe, ambako baba hubeba mtoto, wenye watoto walikuwa na kiwango cha chini kuliko wasio nao. Kwa majirani zao Wadatoga, ambao lugha yao ni ndugu ya Kikalenjin na ambako mtoto mchanga ni wa mama, tofauti hiyo haikuonekana. Matokeo yalichapishwa 2009. Miaka miwili baadaye, Lee Gettler akatoa takwimu za wanaume 624 wa Cebu, Ufilipino, waliofuatiliwa kwa miaka 4 na nusu: walipopata watoto kiwango kilishuka, na kilikuwa chini zaidi kwa waliolea saa 3 au zaidi kwa siku. Mwili wa baba hujipanga kwa kazi anayoifanya.

Sheria ya Ajira ya 2007 humpa baba aliyeajiriwa wiki 2 za likizo kwa mshahara kamili. Mtu wa bodaboda hana wa kumpa. Kwa hivyo, ndugu yangu, chagua kazi moja uishike kila siku, na ningekuchagulia kuogesha jioni. Pima maji kwa kiwiko. Mkono wa kushoto upite chini ya shingo ya mtoto, vidole vikamate bega lake la mbali. Mwombe mama yako, kwa heshima zote, akae nje hadi umalize. Mtoto atalia, na usimkimbize kwa nyanyake. Wiki ijayo mpeleke wewe mwenyewe kliniki kwa chanjo za wiki 6, umpakate wakati wa sindano, usikilize kilio hicho kinavyotofautiana na kile cha maji.