Rejesho la fedha katika ununuzi wa bima

Rejesho la fedha katika ununuzi wa bima, ambalo pia huitwa keshibeki ya bima, ni kiasi cha fedha ambacho mnunuzi anaahidiwa kurudishiwa baada ya kulipa ada ya bima, kwa sababu alinunua kwa kupitia tovuti, programu ya simu au mtu fulani. Fedha hiyo si fidia, wala si punguzo la ada yenyewe. Ni sehemu ya kamisheni ambayo kampuni ya bima humlipa aliyemleta mteja, naye anakubali kugawana na mteja huyo.

Neno lenyewe linahitaji uangalifu. Katika vikoba vya Njombe na Makambako, kama kwingineko Tanzania, rejesho ni fedha ambayo mkopaji hulipa kila wiki au kila mwezi ili kupunguza deni lake. Katika makala hii fedha inakwenda upande wa pili: inatoka kwa muuzaji kumrudia mnunuzi.

Je, hulipwa kweli? Katika nchi ambako tovuti za namna hii zimekomaa, kwa kawaida hulipwa, lakini bima ni kati ya bidhaa ambazo rejesho lake huchelewa sana na hukataliwa kwa urahisi. Nchini Tanzania, ambako tovuti hizo hazijaenea na bima ya gari hununuliwa zaidi kwa wakala ana kwa ana, ahadi ya rejesho hutegemea neno la aliyeitoa.

Jinsi tovuti zinavyofanya kazi

Kati ya tovuti za mwanzo ni Ebates ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1998 na ambayo leo inaitwa Rakuten. Nchini Uingereza zilifuata Quidco na TopCashback, zote mbili mwaka 2005. Uingereza ndiko bima ilikoingia sana katika biashara hiyo, kwa kuwa bima ya gari ni ya lazima, hununuliwa upya kila mwaka, na kampuni nyingi hugombania mteja yuleyule. Kampuni iko tayari kutoa kamisheni kubwa ili kumpata. Mwaka 2021 Quidco ilinunuliwa na kundi la kampuni lenye tovuti ya MoneySuperMarket, ambayo kazi yake ni kulinganisha bei za bima na huduma nyingine. Ni ishara ya jinsi biashara hizi mbili zilivyo karibu.

Mnunuzi hujiandikisha kwenye tovuti, kisha hubofya kiungo kinachompeleka kwa kampuni ya bima. Kiungo hicho huacha alama ndogo kwenye kivinjari chake, yaani kidakuzi, ili kampuni itambue mteja ametoka wapi. Akinunua, kampuni huandika kamisheni kwa jina la tovuti. Rejesho huonekana kwenye akaunti ya mnunuzi likiwa "linasubiri", baadaye "limethibitishwa", na mwisho "linaweza kuchukuliwa". Tovuti hailipi kabla ya kulipwa. Hapo ndipo penye kiini cha jambo zima: anayeahidi siye anayeamua.

Kwa nini rejesho la bima hukwama

Sababu ya kwanza ni muda. Mnunuzi wa bima nchini Uingereza ana haki ya kughairi ndani ya siku 14, na kampuni haitaki kulipa kamisheni kwa mkataba ambao huenda ukavunjwa. Baada ya hapo hufuata mahesabu ya mwezi, mtandao wa matangazo ulio katikati, halafu tovuti yenyewe. Kungoja miezi kadhaa ni jambo la kawaida, na wapo wanaosahau kabisa kwamba wanadai.

Sababu ya pili ni kwamba bima hainunuliwi kwa mbofyo mmoja kama viatu. Mtu huomba bei leo, hulinganisha kwenye tovuti nyingine kesho, hupiga simu kuuliza swali, ndipo hununua siku ya tatu. Mara nyingi kamisheni huhesabiwa kwa kiungo cha mwisho kubofywa, kwa hiyo aliyepitia tovuti ya kulinganisha bei mwishoni amekwisha kuipoteza, hata kama alianzia mahali sahihi. Aliyekamilisha ununuzi kwa simu, aliyezuia vidakuzi, au aliyeanza kwenye kompyuta na kumalizia kwenye simu ya mkononi anaweza kukuta hakuna kumbukumbu yoyote ya safari yake.

Sababu ya tatu ni masharti. Rejesho huwa la wateja wapya tu. Aliyewahi kukatia bima hapo, au ambaye mkataba wake umejihuisha wenyewe, kwa kawaida hapati. Kiasi nacho, kikiwa ni asilimia, huweza kukokotolewa kwa ada kabla ya kodi, jambo linalowashangaza wanaopiga hesabu kwa jumla waliyolipa.

Tena, rejesho lililokataliwa si rahisi kudaiwa. Mkataba wa bima ni kati ya mnunuzi na kampuni ya bima, wakati ahadi ya rejesho ni kati yake na tovuti, na masharti ya tovuti hizo kwa kawaida husema wazi kwamba rejesho si jambo la uhakika. Fedha iliyolundikana kwenye akaunti ya tovuti pia si akiba ya benki, hivyo ni busara kuichukua mara inapopatikana. Jambo la kufariji ni kwamba kukosa rejesho hakuvunji bima: kinga inabaki kama ilivyoandikwa.

Tangu Januari 2022 mamlaka ya usimamizi wa fedha ya Uingereza, FCA, imekataza kampuni za bima ya gari na ya nyumba kumtoza mteja wa zamani anayehuisha bima yake bei kubwa kuliko ambayo angetozwa kama mteja mpya. Kishawishi kama rejesho la fedha huingizwa katika ulinganisho huo, ili kisitumike kuizunguka kanuni.

Hali nchini Tanzania

Bima inasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Kila chombo cha moto kinachotembea barabarani lazima kiwe na bima ya madhara kwa watu wengine, kwa mujibu wa Sura ya 169 ya sheria za nchi. Watu huiita bima ndogo, na ile inayolinda pia gari lenyewe huitwa bima kubwa.

Bei za bima ya magari zina viwango vya chini ambavyo kampuni hazitakiwi kuvishuka. Kwa miaka mingi bima ndogo ya gari binafsi ilikuwa shilingi 100,000, na pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 mnunuzi alilipa 118,000. Kwa hiyo mwenye kutaka kumvutia mteja hawezi kupunguza bei wazi. Njia inayobaki ni kumega kamisheni yake mwenyewe. Anayetangaza bima ndogo kwa bei iliyo chini sana ya hiyo anapaswa kutiliwa shaka mara moja.

Nchi nyingine zimelikabili jambo hili kwa sheria. India, kwa kifungu cha 41 cha Sheria ya Bima ya 1938, inakataza kumpa mteja sehemu ya kamisheni ili anunue bima. Majimbo mengi ya Marekani yana katazo kama hilo, ingawa wapiga kura wa California waliliondoa mwaka 1988. Hoja ya wanaokataza ni kwamba mteja hupofushwa na zawadi asiitazame bima yenyewe. Hoja ya wanaoruhusu ni kwamba kamisheni hatimaye hutoka mfukoni mwa mteja, basi kwa nini asirudishiwe?

Mfano wa Njombe na Makambako

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya Dar es Salaam kuelekea Mbeya na Tunduma huachana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA nayo hupita mjini. Malori ya mbao, viazi, chai na parachichi kutoka Njombe hushuka hapo kuingia barabara kuu. Yale yanayovuka Tunduma kuingia Zambia huhitaji pia kadi ya njano ya COMESA, kwa kuwa Tanzania ilibaki katika mpango huo wa bima ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kwa mwenye lori, basi, bima si karatasi ya kumridhisha askari wa usalama barabarani tu.

Tuchukue gari binafsi lenye thamani ya shilingi 15,000,000 linalokatiwa bima kubwa kwa kiwango cha asilimia 3.5. Ada ni 525,000, kodi ikiwa ya asilimia 18 ni 94,500, jumla 619,500. Rejesho la asilimia 5 ya ada kabla ya kodi ni 26,250. Hiyo si fedha ya kudharau. Inaweza kununua mafuta ya safari ya Makambako hadi Njombe. Lakini ikiwa aliyeahidi amepokea 619,500 kwenye namba yake binafsi ya simu na hakuifikisha kwa kampuni, mwenye gari amepata elfu ishirini na sita na anaendesha gari lisilo na bima. Akigonga mtu, atabeba mzigo wote mwenyewe. Hatari ya rejesho kutolipwa ni ndogo sana ikilinganishwa na hiyo.

Kwa bahati nzuri jambo hilo linaweza kukaguliwa kwa dakika chache. Stika za karatasi za kughushi zilisumbua kwa miaka mingi, na TIRA ilianzisha mfumo wa kompyuta uitwao TIRA-MIS, ambamo mtu yeyote mwenye intaneti huingiza namba ya usajili wa gari au ya stika na kuona kama bima ipo, ni ya kampuni gani na inakwisha lini. Ni afadhali kukagua kabla ya kuachana na wakala kuliko kesho yake. Malipo yafanywe kwa akaunti ya kampuni yenyewe au ya wakala aliyesajiliwa na TIRA, na risiti ya EFD idaiwe.

Mtu aliyepewa ahadi ya rejesho afadhali aipate kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu, ukitaja kiasi na tarehe. Malalamiko dhidi ya kampuni au wakala hupelekwa TIRA, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya. Mgogoro wa fidia huweza kufikishwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Marejesho mengine yasiyo keshibeki

Kuna fedha au nafuu ambazo mkata bima hupata bila kumtegemea mtu wa kati, nazo mara nyingi husahaulika. Anayemaliza mwaka bila kudai fidia anaweza kupewa punguzo la ada ya mwaka unaofuata. Anayeuza gari katikati ya mwaka anaweza kurudishiwa ada ya miezi iliyobaki, kadiri mkataba unavyosema. Katika takaful, yaani bima inayofuata misingi ya Kiislamu, ziada inayobaki katika mfuko baada ya kulipa fidia inaweza kugawiwa wanachama. Haya yote huandikwa kwenye mkataba, na hapo ndipo pa kuyatafuta.