Nakala ya Akiba: Amana Inayohitaji Kukaguliwa



Wapenzi wanafunzi pamoja na wazazi wetu, katika makala hii tunakusudia kueleza jambo linalohusu kila nyumba yenye kompyuta au simu, nalo ni nakala ya akiba. Maana yake ni nakala ya pili ya faili zetu, inayowekwa mahali pengine ili ile ya asili ikiharibika tusikose vyote. Programu za siku hizi huifanya kazi hii zenyewe bila ya kuamrishwa kila siku. Hapo ndipo penye raha, na hapo hapo ndipo penye hatari.

Yaliyotufika

Nyumbani kwetu tulikuwa na kompyuta moja na diski ya nje iliyopangwa kupokea nakala kila saa. Tulipokwisha kuipanga tukaona kazi imekwisha. Miongoni mwa faili hizo zilikuwemo sauti za marehemu baba yetu akisomesha darsa za Ramadhani, ambazo tulizirekodi kwa simu, tukazihamishia kwenye kompyuta, kisha tukazifuta kwenye simu ili tupate nafasi.

Siku moja wakati wa masika umeme ulikatika na kurudi kwa nguvu, na kompyuta haikuwaka tena. Hatukushtuka sana, kwani diski ilisalimika. Tulipoifungua kwa kompyuta ya jirani tukakuta nakala ya mwisho ni ya miezi minane nyuma. Diski ilikuwa imejaa na programu ikasimama. Onyo lilikuwa likitokea pembeni mwa kioo, na kila aliyekaa hapo alilifunga akaendelea na shughuli zake, na sisi wenyewe tukiwemo. Darsa za Ramadhani yake ya mwisho zilikuwa ndani ya miezi ile minane. Hatukuzipata tena.

Kwa nini diski hujaa?

Watu wengi hudhani kwamba ikiwa faili zao ni gigabaiti 200, basi diski ya gigabaiti 250 inatosha. Sivyo. Programu hizi huweka pia nakala za zamani za kila faili iliyobadilishwa. Mathalani, video ya harusi ya gigabaiti 4 ikirekebishwa siku 10 tofauti, huenda ikahifadhiwa mara 10, yaani gigabaiti 40 kwa video moja tu.

Programu nazo hutofautiana. Ile ya kompyuta za Apple, Time Machine, iliyotoka mwaka 2007, hufuta nakala kongwe zaidi diski inapojaa. Ama ile ya Windows iitwayo File History, isipobadilishwa mpangilio wake huweka nakala zote daima, na diski ikijaa haina pa kuweka mpya. Hili ndilo lililotufika.

Mambo ya kufanya

Kwanza, tuchague cha kuhifadhi. Picha za familia, sauti, vyeti, hati za nyumba na hesabu za madeni havipatikani tena vikipotea. Filamu na programu zinazoweza kupakuliwa upya hazina haja ya kujaza diski.

Pili, diski iwe na nafasi angalau mara mbili ya faili zetu, nayo isitumiwe kwa kazi nyingine. Watoto wasiweke michezo humo.

Tatu, tuweke ukomo. Katika File History mna sehemu ya kuchagua nakala zikae muda gani. Tuchague mwaka mmoja, au zikae hadi nafasi itakapohitajika.

Nne, nakala moja haitoshi. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliieneza kanuni ya 3-2-1: nakala 3 kwa jumla, katika vyombo vya aina 2, na 1 kati yake iwe nje ya nyumba. Mwizi akiingia au moto ukizuka, huchukua kompyuta na diski pamoja. Tena mwezi Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga faili za watu katika nchi nyingi na kudai fedha, na virusi vya namna hiyo huifikia hata diski iliyochomekwa. Basi tuwe na diski ya pili, ikae kwa shangazi au kwa ndugu mwingine tunayemwamini.

Tano, tutofautishe akiba na ulinganishaji. Picha nyingi za simu hulinganishwa na hifadhi ya intaneti, kwa hiyo ukifuta upande mmoja huenda zikafutika na upande wa pili. Akaunti ya Google hutoa bure gigabaiti 15, na tangu Juni 2021 picha mpya nazo huhesabiwa humo pamoja na barua pepe. Ikijaa, picha mpya hazipandi, na hata barua huacha kuingia.

Sita, na hili ndilo kubwa kuliko yote, tukague. Mwanafunzi aliyehifadhi juzuu asipofanya muraja'a haimkai, atakuja kujua siku ya kusomeshwa mbele za watu. Na diski ni hivyo hivyo. Sisi sasa kila mwezi unapoandama tunachomeka diski, tunatazama tarehe ya nakala ya mwisho, tunatazama nafasi iliyobaki, kisha tunafungua faili moja ya wiki ile tuone kama kweli inafunguka. Ni kazi ya dakika 10, na tumemkabidhi mtoto wetu wa darasa la sita.

Ndugu msomaji, jioni ya leo kabla hujalala, chomeka diski yako utazame tarehe. Ukiikuta ni ya jana, shukuru. Ukiikuta ni ya mwaka jana, bado unao muda, madhali kompyuta inawaka.

Wabillaahi tawfiiq.