Mashine za Tarakimu na Maembe Yako

Wewe mkulima wa Makueni au Kitui wayajua mambo ya msimu wa maembe. Miti huzaa yote pamoja, dalali huja na lori, naye hununua kwa kuhesabu tunda moja moja, dogo kwa kubwa. Akisema bei imeshuka huna la kumjibu, maana embe halingoji.

Kwa sababu hiyo serikali ya kaunti ya Makueni ilijenga kiwanda cha maembe huko Kalamba, kikaanza kazi mwaka 2017. Embe huoshwa, hutolewa ganda na kokwa, kisha husagwa kuwa rojo la kutengenezea maji ya matunda. Wako wasemao kwamba mashine za viwandani zenye kompyuta ni mambo ya mainjinia tu. Sivyo.

Tazama habari ya joto. Rojo likipikwa kidogo mno huchacha. Likizidi hupoteza rangi na ladha. Zamani mtu alitazama sindano ya kipimajoto akafungua mvuke kwa mkono. Akisinzia, pipa limekwenda. Kwa mitambo ya dijitali, kipimo husoma joto wakati wote, na likishuka valvu hugeuka yenyewe, rojo likarudi kupikwa tena. Hasara ya pipa mwishowe huonekana katika bei unayolipwa wewe.

Tena kuna kipimo cha utamu, briksi. Tone la maji ya embe huwekwa juu ya kioo, na tarakimu huonyesha takribani gramu za sukari katika gramu 100. Embe lililochumwa changa hupata tarakimu ndogo, hata likiwa na rangi nzuri. Basi usichume mti mzima siku moja kwa kuwa lori limefika.

Lakini likupasalo zaidi ni mizani. Hakikisha yasoma 0 kabla ya kupakia, na kreti tupu ipimwe kwanza. Tafuta chapa ya maofisa wa vipimo wa serikali. Soma tarakimu mwenyewe, iandike katika daftari, dai risiti, na pesa zikija kwa simu ulinganishe. Mizani ikionyesha kilo 412 na karani akaandika 402, kosa si la mashine, na atakayeliona ni wewe.

Ninyi wa Kitui mnaouza ndengu, hesabu ni ile ile. Gorogoro ikijazwa mpaka ikawa na kilima juu, kilima hicho hamlipwi. Pimeni kwa kilo kabla gunia halijatoka nyumbani.